Rivolva ndogo: ya mfukoni, ya mkandani na ya kulengea shabaha

Kabati la bastola zilizotumika katika duka la silaha la Marekani halikosi rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka) nyepesi ya risasi tano ambayo bado inang'aa. Aliyeinunua alipenda wepesi wake, akaipeleka renji (uwanja wa kulengea shabaha), akapiga boksi moja au mawili, kiganja kikamuwaka moto, akairudisha kwa hasara. Bastola haikuwa mbovu. Alichonunua ni chombo cha kubebwa kutwa nzima na kupigwa mara chache, naye alitaka kwenda nacho renji kila Jumamosi.

Katika rivolva ndogo, uzito ndio unaoamua karibu kila kitu. Chukua risasi ile ile uipige kutoka bastola mbili, moja ikiwa na nusu ya uzito wa nyingine: ile nyepesi hurudi nyuma kwa nishati maradufu. Hakuna mpira wa mpini wala ufundi wa kushika utakaofuta hesabu hiyo. Vinaipunguza makali tu. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu Smith & Wesson na Ruger, viwanda viwili vikubwa vya rivolva, jiulize bastola itakaa wapi mwilini na utapiga risasi ngapi kwa mwezi.

Neno moja la sheria kwanza, maana wasemaji wengi wa Kiswahili walioko Marekani bado wako kwenye safari ya karatasi. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, ya matembezi au ya kazi, kwa sheria ya shirikisho haruhusiwi kuwa na silaha wala risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Hata kukodi bastola renji kwa saa moja huhesabiwa. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Dukani utajaza Fomu 4473, ile ya shirikisho ya mnunuzi wa silaha, na kuandika uongo humo ni kosa la jinai linaloweza kumpotezea mhamiaji ukaaji wake. Muuzaji mwenye leseni hawezi kumuuzia bastola aliye chini ya miaka 21. Kuhusu kubeba silaha chini ya nguo, zaidi ya nusu ya majimbo hayadai tena kibali, lakini ukivuka mpaka na kuingia Illinois au New Jersey mambo ni mengine kabisa. Soma sheria ya kila jimbo utakalopita. Aliyeko Nairobi au Dar es Salaam ana utaratibu wake wa leseni, na modeli hizi huenda asizione sokoni kabisa.

Hizi ndizo zinazostahili kuwekwa mezani. Uzito ni wa bastola tupu, umekadiriwa kwa gramu. S&W ni Smith & Wesson, na +P ni risasi yenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida.

| Modeli | Aina ya risasi | Idadi | Mtutu (inchi) | Uzito |
|---|---|---|---|---|
| S&W 340PD | .357 Magnum | 5 | 1.875 | 330 |
| Ruger LCR | .38 Special +P | 5 | 1.87 | 380 |
| S&W 642 | .38 Special +P | 5 | 1.875 | 410 |
| Ruger LCRx | .38 Special +P | 5 | 3 | 445 |
| S&W 432 UC | .32 H&R Magnum | 6 | 1.875 | 450 |
| Taurus 856 | .38 Special +P | 6 | 2 | 625 |
| Kimber K6s | .357 Magnum | 6 | 2 | 650 |
| Colt Cobra | .38 Special +P | 6 | 2 | 710 |
| Ruger SP101 | .357 Magnum | 5 | 2.25 au 3 | 740 au 765 |

Zile tano za juu fremu zao zina aluminiamu au aina yake. Nne za chini ni chuma kitupu. Mstari uliopo kati yao ni muhimu kuliko jina la kiwanda.

642 na LCR: za mfukoni

Hapa ndipo wanunuzi wengi huishia, na hapa ndipo tofauti ndogo zina maana.

642 inatokana na ukoo ulioanza mwaka 1950. Fremu ni ya aluminiamu, silinda na mtutu ni vya chuma kisichoshika kutu, na nyundo imefichwa ndani ya fremu. Kufichwa huko ni faida halisi: hakuna kidole cha chuma cha kunasa kitambaa wakati wa kuitoa mfukoni. Gharama yake ni kwamba huwezi kuivuta nyundo kwa dole gumba ili traiga (kifyatulio) iwe laini. Kila risasi ni mvuto mrefu, na wa kiwandani huwa wa takriban kilo 5 na nusu, ukizidi kuwa mzito kuelekea mwisho. Kilengeo cha nyuma ni mfereji tu uliochongwa juu ya fremu, cha mbele ni sehemu ya mtutu wenyewe, kwa hiyo kama risasi zako zinakwenda kushoto utajirekebisha wewe. Upande mwingine, hakuna rivolva ndogo yenye vifaa vingi sokoni kama hii. Mipini, ala, springi, vipakiaji vya haraka: vyote vipo.

LCR iliingia sokoni mwaka 2009 na iliwashtua wengi kwa sababu sehemu inayobeba traiga ni plastiki ngumu, huku fremu inayoshika mtutu na silinda ni ya aluminiamu. Plastiki hiyo imethibitika. Uzuri wake mkubwa ni traiga: umbo la ndani limebuniwa lisiongezeke uzito njiani, kwa hiyo kidole huihisi kama nyepesi zaidi ya ile ya 642 hata pale ambapo mizani haionyeshi tofauti kubwa. Kilengeo cha mbele kimeshikwa na pini, unaweza kukibadilisha kwa chenye rangi au kinachong'aa gizani. Mpini wa mpira unaokuja nao ni mlaini na unapunguza maumivu, ila mpira huo huo hung'ang'ania bitana ya mfuko.

Ina kasoro moja ya kuijua kabla. Unapoiachia traiga baada ya risasi, utasikia mlio mdogo kabla haijarudi hadi mwisho. Anayetoka kwenye bastola za magazini hudhani hapo ndipo pa kuvuta tena. Akivuta, risasi haitoki. Dawa ni kuachia kidole kabisa hadi mbele, kila mara, na kuzoea hivyo tangu siku ya kwanza.

Ukilinganisha kwa traiga peke yake, LCR inashinda. Kwa wembamba wa mpini, urahisi wa kuteleza kutoka mfukoni na wingi wa vifaa, 642 iko mbele. Mwenye kidole kidogo au asiye na nguvu nyingi mkononi achukue LCR na aache mabishano.

Kwa nini .357 nyepesi ni mtego

340PD ni kazi nzuri ya uhandisi: fremu ya mchanganyiko wa aluminiamu na skandiamu, silinda ya titani, gramu 330. Ukiiweka mfukoni utasahau kwamba ipo. Ukiipiga kwa .357 Magnum kamili, hutaisahau hadi kesho yake. Mtutu wa chini ya inchi mbili hauitoshi baruti ya Magnum kuungua yote. Sehemu kubwa hugeuka mwako na mlipuko mbele ya pua ya bastola, na kasi unayoipata juu ya.38 ni ndogo kuliko kelele inavyodai. Risasi ya pili huchelewa kwa sababu mkono uko hewani. Kiwanda kinakataza humo risasi za Magnum zenye kichwa cha chini ya greni 120 (greni ni kipimo kidogo cha uzito wa kichwa cha risasi). Katazo hilo ni la kuheshimiwa.

Wengi wenye 340PD huijaza .38, nao wako sawa. Ila hapo wamelipa bei ya juu sana ili kuokoa gramu 80 dhidi ya 642.

Njia ya .32

Mwaka 2024 Smith & Wesson walitoa toleo la 432 UC na ndugu yake 632 UC kwa ajili ya .32 H&R Magnum, risasi ya tangu 1984. Katika silinda ya ukubwa ule ule wa 642 zinaingia sita badala ya tano, na msukumo wa nyuma ni mpole kwa kiasi unachokihisi mara moja. Vilengeo navyo ni vya kweli: cha mbele kinaonekana gizani, cha nyuma kina pengo pana, na tundu la kufuli la ndani halipo. Kwa mazoezi inakubali pia .32 S&W Long, ambayo ni laini zaidi.

Shida ni duka. Boksi la .38 utalipata karibu kila mahali, la.32 huenda ukaliagiza, na bei yake iko juu. Asiyeweza kuweka akiba ya maboksi kadhaa asianze nayo. Mwenye baridi yabisi ya vidole, au mzee ambaye .38 inamuumiza, hii ndiyo ya kuitafuta kwanza.

Chuma cha risasi sita

Ukikubali kubeba mkandani badala ya mfukoni, mlango mwingine unafunguka. Colt Cobra, iliyoanza kutengenezwa tena mwaka 2017 kwa jina la zamani, ina nyundo ya nje, traiga laini tangu kiwandani na kilengeo cha mbele kinachobadilishwa kwa kulegeza skrubu ndogo. Kwa .38 ya kawaida, mtu anapiga risasi mia bila kukunja uso. Ni nzito mno kwa mfuko wa suruali; usijaribu.

Kimber K6s ni ya kipekee kwa silinda yake: kipenyo cha inchi 1.39, takriban milimita 35, na bado inabeba .357 sita. Nyundo imefichwa, kingo zimesuguliwa, vilengeo vinaonekana. Bei ndiyo inayoumiza. Taurus 856 inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo hiyo kwa .38 tu na kwa bei ya chini zaidi, ila ikague kwa makini kabla ya kulipa; namna ya kukagua iko chini.

SP101 haina mbwembwe. Ni nene, nzito, ina risasi tano tu, na hudumu. Ile ya inchi 3 ndiyo ya kutafuta, na sababu kubwa haiko kwenye shabaha bali kwenye kijiti cha kutolea maganda. Katika mitutu mifupi kijiti nacho ni kifupi, hakiyasukumi maganda hadi nje. Lile la mwisho hubaki limening'inia kwenye tundu. Mtutu wa inchi 3 hutoa nafasi ya kijiti kirefu, na maganda yote hudondoka kwa pigo moja. Humo .357 inavumilika, na .38 ni starehe.

LCRx ya inchi 3 inapata faida hiyo hiyo ya kijiti, pamoja na kilengeo cha nyuma kinachorekebishika, kwa gramu 445 tu. Ni ndefu kwa mfuko wa mbele, na kwa +P inauma. Lakini kwa mtu anayetaka bastola moja ya mkandani na ya renji, na hataki chuma kizito kiunoni, sioni inayoikaribia.

Kinachoharibika, na kwa nini

Rivolva husifiwa kwamba haikwami. Hukwama, ila kwa sababu zake, nazo zikija mara nyingi haziondoki kwa kugonga kitako.

Ya kwanza ni kichwa cha risasi kuchomoka. Bastola nyepesi inaporudi nyuma kwa ghafla, ganda linavutwa pamoja nayo huku kichwa kikibaki mahali pake kwa uzito wake. Baada ya milipuko mitatu au minne, kichwa cha risasi ambayo haijapigwa hutokeza mbele ya silinda, kikagonga fremu, na silinda haizunguki tena. Kupima ni rahisi: jaza tano, piga nne, itoe ya tano na uilinganishe kwa urefu na risasi mpya kutoka boksi lile lile. Imerefuka? Risasi hiyo si ya bastola hiyo. Risasi ambazo kichwa chake ni madini ya risasi tupu yasiyo na koti ya shaba, zenye nguvu nyingi, ndizo husumbua zaidi.

Ya pili ni punje za baruti isiyoungua chini ya nyota ya kutolea maganda. Punje mbili tatu zinatosha silinda isifunge, au ifunge kwa kukwaruza na kufanya traiga iwe nzito. Husababishwa na kutoa maganda pua ya bastola ikiwa imelala. Elekeza pua juu, piga kijiti mara moja kwa nguvu na kiganja, maganda na uchafu vyote vianguke. Kisha geuza pua chini ndipo ujaze. Mswaki wa zamani upitishe chini ya nyota kila baada ya boksi.

Ya tatu ni kijiti hicho hicho kulegea hadi silinda isifunguke. Kiangalie kwa vidole kila unaposafisha. Kwenye Smith & Wesson za sasa hesi zake ni za kinyume, kwa hiyo anayekaza kwa mazoea huwa analegeza.

Halafu kuna pete ya masizi. Ganda la .38 ni fupi kuliko la .357 kwa karibu milimita 3 na nusu, na ukipiga .38 nyingi kwenye bastola ya .357 uchafu hujikusanya mahali ganda fupi linapoishia. Siku ukiweka .357, zinaingia kwa shida na maganda yanagoma kutoka. Brashi ya shaba na kiyeyusho, kila tundu, na kwa muda. Silinda ya titani usiipitishie msasa wala kitu kikali.

Kuhusu .22, wapo wanaonunua LCR ya risasi nane kwa sababu haiumi. Kwa mazoezi ya traiga ni nzuri sana na risasi zake ni za bei nafuu kuliko zote hizi. Kwa kujilinda ni chaguo la mwisho, kwa kuwa fataki yake imo ndani ya ukingo wa ganda na hukosa kuwaka mara nyingi zaidi. Kwenye rivolva unavuta tena na tundu lingine linakuja. Renjini, risasi ikikataa, elekeza bastola kwenye shabaha sekunde 30 kabla ya kuifungua.

Risasi na mazoezi

Kwa mtutu wa inchi mbili, risasi ya kichwa chenye tundu mara nyingi haipati kasi ya kufunguka. Chagua zilizotengenezwa kwa mtutu mfupi, kama Speer Gold Dot ya greni 135 +P, au Hornady Critical Defense ya greni 110 isiyo +P kama mkono hauwezi. Risasi za kichwa bapa za greni 148 ni za kulengea shabaha tangu zamani, zinasukuma kwa upole na zinatoboa karatasi tundu safi. Wengi huzibeba pia kwenye 642, na hoja yao ina uzito. Usiweke +P kwenye bastola ya zamani ambayo mtutu wake haukuandikwa hivyo.

Kilengeo kisichorekebishika kina tabia yake: kichwa chepesi hupiga chini, kizito hupiga juu. Kabla hujalaumu bastola, jaribu uzito mbili tofauti kwa mita 7.

Kwa bastola nyepesi, risasi 30 hadi 50 kwa siku zinatosha. Zaidi ya hapo mkono huanza kuruka kabla ya mlipuko, na tabia hiyo huja haraka lakini hutoka polepole. Jipime hivi: weka risasi tatu na maganda matupu mawili bila mpangilio, funga silinda usiangalie, piga. Nyundo ikiangukia ganda tupu na pua ikainama, ni wewe. Shika juu kabisa ya mpini, na dole gumba la mkono wa pili likae nyuma, mbali na pengo kati ya silinda na mtutu. Gesi inayotoka hapo inakata ngozi. Kwenye renji ya ndani vaa vizibo vya masikio na vifuniko juu yake, kisha nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula.

Ya mfukoni haikai mfukoni peke yake. Lazima iwe ndani ya ala inayofunika traiga yote, na mfuko huo usiwe na funguo, kalamu wala sarafu. Kila wiki itoe, hakikisha ni tupu, futa vumbi la nguo kwenye vilengeo na ndani ya mtutu, na jasho kwenye skrubu, kwa kuwa skrubu hushika kutu hata pale fremu haishiki.

Kukagua kabla ya kulipa

Omba ruhusa ya muuzaji, fungua silinda, hesabu matundu matupu kwa jicho na kidole. Ifunge kwa mkono. Anayeifunga kwa kurusha kiwiko kama kwenye sinema anapindisha mkono wa silinda, na ukimwona muuzaji akifanya hivyo usinunue iliyotumika kwake. Vuta traiga polepole sana kwa kila tundu: silinda iwe imejifunga mahali pake kabla nyundo haijaanguka. Ukiwa bado umebana traiga, itikise silinda. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, kwenda mbele na nyuma kunakosikika si kawaida. Pengo kati ya silinda na mtutu lipimwe kwa vibati vya kupimia: milimita 0.10 hadi 0.20 ni sawa. Mwisho, kwa fremu za aluminiamu, washa taa na utazame sehemu nyembamba ya fremu chini ya mahali mtutu unapoingia. Ukiona ufa hapo, hata kama ni mwembamba kama unywele, usijadiliane bei.